Mwaka Senge Alipotafuta Spika

Tulimzika Senge Rasoa, dada wa baba yangu, mwezi wa nne, mvua ikiwa imekwisha kulainisha udongo wa Vihiga, na spika za kukodi zilizosimamishwa kando ya hema zilitukwaruza masikio tangu asubuhi. Kila aliyeshika maikrofoni alifuatwa na mlio mwembamba, kama msumari unaoburutwa juu ya sahani. Kijana wa mitambo alikuwa ameenda kutafuta chai. Mwishowe niliinuka mimi mwenyewe, mwanamke wa umri wangu na leso kiunoni, nikainama nyuma ya meza, nikapunguza sauti nyembamba na kuongeza besi kidogo. Mlio ukakatika. Binamu yangu akaniuliza nilijifunzia wapi mambo ya mitambo, nikamwambia ni marehemu aliyenifundisha. Alinishika bega kwa huruma, akidhani ni uchungu unaonisemesha. Basi nikaketi, nikasikiliza watu wakimsifu shangazi yangu kwa mambo ya kweli: ukarimu wake, chama cha akina mama, ng'ombe wake wa maziwa. Hakuna aliyeutaja mwaka wa tisini na sita. Labda sisi wawili tu ndio tuliokuwa ndani ya mwaka ule, na sasa nimebaki peke yangu.

Mwaka huo nilikuwa nakaa naye Jericho, Nairobi, katika zile nyumba za kanjo, za baraza la jiji, zenye sakafu nyekundu ya saruji. Asubuhi nilikwenda mjini kujifunza uhazili, na mchana nikirudi nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mbao mlangoni, jua likiwa limefika magotini mwake, anachambua mboga za mrenda. Kiwanda cha nguo alichokifanyia kazi tangu usichana kilikuwa kimefungwa mwanzoni mwa mwaka; watu walikuwa wakivaa mitumba, na nguo mpya za kufumwa hapa zilikosa wanunuzi. Mikono yake haikujua kukaa bure. Ilichambua, ilifuta, ilipanga vikombe kabatini kisha ikavipanga upya. Juu ya kabati hilo, kwenye kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe, kulikuwa na redio kaseti ndogo ambayo ililia kutwa nzima kwa sauti ya juu kabisa. Na yeye pia alizungumza kwa sauti ya juu. Nikiwa bombani uani niliweza kumsikia akimuuliza jirani habari za mtoto, na nilidhani ndivyo watu wa viwandani wanavyozungumza. Nikikumbuka chumba kile leo, nakiona kimejaa mwanga wa manjano na harufu ya omena zikikaangwa na nyanya, na kila kitu ndani yake kinasema kwa nguvu.

Jumamosi moja Mwalimu Ezekieli, aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisa letu, alikuja kumtembelea. Nilikuwa uani nasugua sufuria, na dirisha lilikuwa wazi.

"Dada Rasoa, sisemi uache kwaya," nilimsikia akisema. "Nasema upumzike kidogo."

"Nini?"

"Upumzike!"

"Nipumzike nini? Mimi si mgonjwa."

"Sauti yako inapanda juu ya wimbo. Wimbo uko hapa, wewe uko hapa." Nikajua anaonyesha kwa mikono. "Wenzako wa sauti ya kwanza hawajui wamfuate nani."

Niliacha kusugua. Senge alikuwa ameimba sauti ya kwanza, ile ya juu ya wanawake, tangu kabla sijazaliwa. Kule kijijini watu walimtambua kwa sauti hiyo kabla ya kumtambua kwa sura.

"Iko kwenye kanda?" akauliza mwishowe. "Ile tuliyorekodi Pasaka?"

"Iko. Sikiliza ubeti wa pili. Utajisikia mwenyewe."

Mwalimu alipoondoka bila kumaliza chai yake, Senge aliiweka kanda kwenye redio, akaupiga ubeti wa pili, akaurudisha nyuma, akaupiga tena. Alikaribia mpaka shavu lake likagusa redio. Halafu akaniita. "Kageha, hebu njoo. Unanisikia nikikosea?"

Nilimsikia. Sauti yake ilikuwa imewaacha wenzake chini, inakwenda peke yake, imara kabisa, mahali ambapo wimbo haukuwapo. "Nakusikia, Senge," nikasema.

"Wapi?"

"Hapo. Na hapo."

Alitazama redio kwa muda mrefu. "Mimi sisikii kitu. Nasikia uji tu. Redio hii ni mbovu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Pesa za mwisho alizolipwa na kiwanda zilikuwa bado benki, na majirani wote walikuwa na maoni juu ya namna ya kuzitumia. Mama Atieno wa nyumba ya pili alimshauri anunue cherehani, kisha alipoambiwa kinachotafutwa akapiga makofi kwa mshangao. "Spika, Rasoa? Mtu anafutwa kazi halafu ananunua kelele?"

"Sinunui kelele," Senge alijibu. "Nataka kusikia kosa langu."

Kanda ile aliifunga kwenye leso, akaitia mkobani, na tukashuka mjini kwa miguu. Kwenye barabara ya maduka ya redio tuliingia katika duka lililokuwa na ukuta mzima wa spika, kubwa kwa ndogo, zimetutumbulia macho meusi. Muuzaji alikuwa kijana wa tai nyembamba, mchangamfu. Alibonyeza swichi moja baada ya nyingine ili wimbo uleule uruke kutoka spika hizi hadi zile. "Sasa mathe, hizi ziko na wati za kubomoa ukuta," alisema, akigonga spika za plastiki zenye taa zinazowakawaka.

"Sina ukuta wa kubomoa, mwanangu. Weka kanda yangu."

Hapo ndipo nilipogundua, nikiwa msichana wa kuandika kwa mashine na kukunja barua, kwamba watu walewale wanaweza kuimba wimbo uleule na wakawa watu wengine. Kwenye zile za taa, kwaya yetu iliimba kama iliyo ndani ya tangi la maji. Kwenye nyingine waliimba kana kwamba wanatafuna muwa. Kisha kijana akabonyeza swichi ya jozi moja ndogo, ya mbao za rangi ya asali, na mwili ukanisisimka. Nilisikia akina mama wakivuta pumzi. Nilisikia mtu akifungua ukurasa. Nilijua hata aliposimama kila mmoja, huyu kushoto, huyu nyuma kidogo, kana kwamba pazia limefunguliwa na wamesimama pale dukani na sare zao za bluu.

"Hizi zimezibwa na pamba," Senge akasema.

Kijana alinitazama, nami nikatazama sakafu. Jozi pekee iliyompendeza Senge ilikuwa ya bei ya chini kabisa, iliyotoa mlio mkali kiasi cha kumfanya mteja mwingine atoke nje. "Hii angalau inajaribu," alisema, lakini naye hakuridhika. Tulirudi katika maduka yale mara nyingi. Tulilinganisha amplifaya nyeusi za Kijapani na za fedha, nyepesi na nzito, na nikajifunza kwamba wati ni nguvu tu, kama ya mtu wa kubeba magunia, na haikuambii kama mtu huyo anaweza kukusimulia jambo likaeleweka. Mpaka leo watu wakiniuliza wanunue spika gani, mimi huwauliza kwanza wanataka kumsikia nani. Wengi hudhani natania.

Kulikuwa na Bwana Kilonzo, mzee wa kanisa, dereva wa ofisi fulani kubwa, aliyekaa Buruburu. Alikuwa ameleta nyumbani kitu ambacho hakuna mwingine tuliyemjua aliyekuwa nacho: mtambo wa sinema wa nyumbani, wenye spika mbele, katikati na nyuma ya makochi. Alisikia habari zetu akatualika Jumapili baada ya ibada. Mkewe alifunga mapazia ya rangi ya damu ya mzee mchana kweupe, akatuletea chai ya tangawizi na mandazi yaliyokuwa bado yana moto, na sote tukazama katika kijigiza kile chekundu kama watu walio ndani ya tunda. Kwenye runinga kulikuwa na mwanamume ameketi chumbani, hafanyi lolote. Ndipo mvua ilipoanza nyuma ya shingo yangu. Ilianza kwa matone machache upande wa kushoto, ikatembea taratibu juu ya paa ambalo halikuwapo, ikatufunika. Niligeuka kutafuta dirisha. Bwana Kilonzo akacheka kwa furaha.

"Mvua tamu sana, Senge," nikamnong'oneza, halafu nikakumbuka, nikasema kwa nguvu: "Mvua tamu!"

"Mvua gani?" akauliza.

Mke wa Kilonzo alikuwa akimimina chai. Mkono wake ukasimama. Mwanamume wa runingani alikuwa bado ameketi, na ndani ya chumba kile mvua ilinyesha juu yetu sote isipokuwa mmoja. Kisha ngurumo ikapiga. Senge alishtuka kabla yetu, akajishika kifua. "Hiyo nimeisikia!" alisema, na uso wake ukafunguka. "Imeanzia chini kabisa, kwenye sakafu. Umeisikia, Kageha? Imekuja kwanza kwenye miguu."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, jua likiwa bado juu, watoto wakicheza kati ya kamba za nguo. Ni yeye aliyeanza kusema.

"Kweli palikuwa na mvua?"

"Palikuwa, Senge."

"Kubwa?"

"Rasharasha."

Tukatembea. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwa, anakizungusha kidoleni. "Na wale ndege wa asubuhi, wa kwenye mti wa Mama Atieno. Bado wako?"

"Wako. Wanapiga kelele sana."

"Nilidhani walihama," akasema.

Nimeishi miaka mingi tangu mchana ule, nimewazika wazazi na mume, lakini sijui kama nimewahi kusikia maneno yaliyonyamazisha barabara nzima kama hayo. Nilitaka kumshika mkono. Yeye alikuwa anatazama mbele, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Ni Kilonzo aliyetuelekeza kwa ndugu yake Mutiso huko sokoni Gikomba, ng'ambo ya marobota ya mitumba, kwenye upande wa maseremala. Mutiso alikuwa amekulia kwenye uchongaji wa vinyago vya watalii, akauacha, na sasa alitengeneza masanduku ya spika. Alikuwa mtu mpole, nyusi zake zimejaa vumbi la mbao, na kibanda chake kilinukia gundi na mbao mbichi. Alituonyesha spika moja ileile, kwanza ikiwa tupu mkononi mwake, ambapo iliimba kama nzi kwenye chupa, kisha ndani ya sanduku dogo, kisha ndani ya sanduku refu la mbao nene lililofika kiunoni mwangu. Katika hilo la mwisho wimbo ulipata kifua. Akaiweka kanda yetu, akaunganisha amplifaya kuukuu ya chuma yenye vitufe vikubwa vya kuzungusha, na akawa anamtazama Senge badala ya kutazama mitambo.

"Mama, ulikuwa unafanya kazi wapi?"

"Kiwandani. Kwenye mashine za kufuma."

"Miaka mingi?"

"Niliingia msichana."

"Mlikuwa mnaziba masikio?"

"Na nini? Tulikuwa tunasomana midomo."

Mutiso akatikisa kichwa polepole. "Kaka yangu mwingine alikuwa mahali kama hapo. Alianza kwa kukosa kuwasikia watoto wake. Lori analisikia hadi leo, watoto hawasikii."

"Masikio yake yalirudi?"

"Yake hayakurudi, mama."

Alisema hivyo kwa upole, akimsogezea uso ili midomo yake ionekane, na Senge akapokea neno lile kama anavyopokea mtu mzigo aliouona ukija kwa mbali. "Basi nifanyie kazi moja," alisema. "Nataka kujisikia."

Mutiso alizungusha kitufe cha sauti nyembamba mpaka mwisho. Mlio uliotoka ulikuwa wa kutoboa. Maseremala waliacha misumeno, mwanamke aliyekuwa akipita na furushi la makoti akaziba sikio kwa bega. Nilikunja uso. Lakini Senge alikuwa amesimama wima mbele ya sanduku, midomo wazi, na ubeti wa pili ulipofika nilimwona akimwona mtu anayemfahamu.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, Senge."

Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba apigiwe tena, akasikiliza tena. Sikujua kama atalia. Badala yake alitoa kicheko kifupi cha puani. "Namlaumu nini Ezekieli? Mimi ningejinyang'anya hata sare."

Mutiso akarudisha kitufe chini, masikio ya Gikomba yakapumzika, na akaiacha kanda iendelee. Wimbo uliofuata ulianzwa na wanaume peke yao. Senge alikuwa ameanza kufunga mkoba. Akasimama. Akaweka kiganja juu ya sanduku.

"Huyu mmoja anachelewa kuvuta pumzi," akasema. "Anaingia nyuma ya wenzake."

Mutiso alinitazama, nami nikamtazama. Akairudisha kanda nyuma. Tulisikiliza kwa makini, tukarudia, na mara ya tatu tukamsikia: mwanaume mmoja wa sauti ya tatu, nyuma kabisa, anaingia punde tu baada ya wenzake. Mimi mwenye masikio ya kusikia kurasa zikifunguliwa nilikuwa nimempita bila kumwona. Senge alikuwa anatabasamu, macho yameelekea chini, na vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya ubao.

Mimi bado nilikuwa naota mvua ya Buruburu. Njiani nilimbembeleza, nikamwambia zile spika ndogo za rangi ya asali zingependeza juu ya kabati, na siku moja tungeongeza za nyuma ya kochi. "Hizo ni za masikio yako," alinijibu bila uchungu. "Ukipata kazi utazinunua. Mimi nachukua masanduku ya Mutiso." Yakaja kwa mkokoteni, yamefunikwa gunia, na Senge akitembea kando yake kama anayesindikiza bibi arusi. Mama Atieno alisimama mlangoni akayatazama yakiingia, akauliza kama ni kabati. "Ni makabati," Senge akamjibu. "Yamejaa wanaume." Tulicheka mpaka mwenye mkokoteni akacheka pia bila kujua sababu.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoiota mara kwa mara. Nikifungua mlango mchana, viatu mkononi, nilihisi besi kwanza kwenye nyayo, kupitia saruji. Vijiko vilitetemeka kwenye vikombe. Maji ya kwenye karai yaliandika duara ndani ya duara. Senge alikuwa ameketi kati ya masanduku mawili, mgongo umeegemea moja, macho amefumba, na jua la mchana likiwa limetapakaa sakafuni kama samli. Alikuwa anajifunza. Aliufuata wimbo mmoja kwa siku nyingi, kwanza kwa midomo tu, kisha kwa mguno, kisha kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, nzito, yenye kahawa ndani yake. Mara nyingine nililala kwenye kochi na kuamka nikiwa sijui kama ninayemsikia ni yeye au ni kanda. Hatukuwa tunazungumza sana saa hizo. Nilikuwa nasonga ugali jikoni, mwiko unafuata mapigo, na nilihisi kwamba nyumba yote, na sahani zake na picha zake za ukutani, ilikuwa inavuta pumzi pamoja nasi.

Zilipokaribia nyimbo za Krismasi, Senge alivaa sare yake, akaenda mazoezini. Nilikwenda naye. Mwalimu Ezekieli alimwona akiingia, akakunja karatasi zake kwa wasiwasi. Wanawake wa sauti ya kwanza wakasogea kumpa nafasi, bila furaha. Senge aliwapita, akaenda mpaka safu ya nyuma, akasimama mwisho wa wanaume wa sauti ya tatu.

"Dada Rasoa," Mwalimu akaanza, "hiyo ni sauti ya wanaume."

"Ni sauti ninayoisikia, Mwalimu."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mzee Asava, aliyekuwa mkubwa wa safu ile, akanung'unika kwamba haijawahi kutokea, na kwamba watu watasema nini. Senge hakumsikia, au alijifanya hakumsikia; siku hizi alikuwa na ruhusa ya kuchagua la kusikia. Alimtazama Mwalimu tu. Sijui Mwalimu aliona nini katika uso ule. Aliinua mkono, akawaanzisha wanaume peke yao.

Aliimba akiwa amefumba macho, nyayo zimepanuliwa kidogo kama mtu aliye juu ya daraja. Sauti yake iliingia chini ya za wale wanaume, ikazibeba, na mahali palipokuwa na nyufa pakajaa. Alivuta pumzi mahali panapostahili, na yule wa kuchelewa akajikuta anavuta naye. Mwalimu aliwapitisha ubeti wa kwanza, akawapitisha wa pili, akasahau kuwasimamisha, wakaenda mpaka mwisho. Mzee Asava alitoa miwani, akaifuta, akairudisha. Alijisogeza upande, akawasogeza na wenzake, mpaka pakawa na nafasi ya mtu mzima kwenye benchi lao, na Senge akaketi.

Mwalimu alifanya kazi na wanawake kwa muda, akiwarekebisha hapa na pale. Halafu akafungua ukurasa mwingine, akagonga stendi yake kwa kalamu, na kama alivyokuwa akisema miaka yote, bila kuinua macho, akaita kwa sauti:

"Wanaume, simameni."

Senge Rasoa alinyoosha sketi yake ya bluu, akasimama wa kwanza.